Petroli Chini ya Kitanda

Katika vijiji vyetu vingi, na hata mitaani mijini, petroli siku hizi hulala chumba kimoja na watu. Pikipiki na jenereta zimeongezeka, vituo vya mafuta mara nyingi viko mbali, na mwenye kutafuta riziki barabarani hataki kupambazukiwa hana mafuta. Basi huweka dumu chini ya kitanda, au hupanga nyuma ya mlango chupa za maji zilizojazwa petroli. Simlaumu, maana ana haja ya kweli. Ninaowalaumu ni sisi tuliosoma, tunaoijua tabia ya petroli lakini tukaifungia elimu hiyo maabarani.

Kosa kubwa ni kuidhania petroli kuwa ndugu wa mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 za Sentigredi hivi, au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo katika nchi yetu hakuna saa, usiku wala mchana, ambapo petroli iliyo wazi haiko tayari kuwaka.

Kiwakacho ni mvuke uliochanganyika na hewa. Sehemu mbili tu za mvuke katika kila sehemu 100 zatosha. Ndiyo maana dumu lililomiminwa likabaki na harufu tu bado lina hatari. Tena, mwanafunzi na akokotoe mwenyewe: molekuli ya oktani, C8H18, ina uzito wa 114, na hewa kwa wastani ni 29. Mvuke huo basi ni mzito karibu mara nne kuliko hewa. Haupandi darini ukatoka, bali hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, na kufika jikoni penye jiko la mkaa. Moto nao hurudi kwa njia ile ile. Mwenye nyumba huapa kwamba petroli ilikuwa mbali na moto, kumbe ilikwisha kwenda kuutembelea.

Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, watu walikusanyika kuchota petroli katika lori lililopinduka. Moto ulilipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Hayo yalitokea mahali pa wazi. Je, chumbani penye dirisha moja itakuwaje?

Lililo bora ni kutoiweka petroli nyumbani kabisa. Asiye na budi aweke kidogo tu, katika chombo kilichotengenezwa kwa petroli, chenye kifuniko cha kukaza, kisichojazwa mpaka juu, na chenye alama. Kikae nje ya nyumba ya kulala, kivulini, penye kupita hewa, mbali na jiko na watoto. Asimimine petroli karibu na taa ya moto, sigara au injini inayonguruma, wala asiivute kwa mdomo. Ikishika moto, asiimwagie maji, kwani petroli huelea juu ya maji na moto utaenea. Atumie mchanga au kizimamoto cha unga, na moto ukizidi awatoe watu kwanza.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, msimamizi wa maabara alinizuia kuweka chupa ya kiyeyushi katika friji ya kawaida, kwa kuwa cheche moja ya swichi iliyo ndani yake ingeweza kuulipua mvuke. Nilikuwa na shahada mbili, wala jambo hilo sikulijua. Sioni sababu kijana wa kidato cha pili asubiri muda mrefu hivyo. Ndugu walimu, somo hili lisingoje mtihani. Mwanafunzi na arudi nalo nyumbani leo jioni, ainame, atazame chini ya kitanda.