Neno moja mbele, Kifaransa nyuma

Chukueni mfuko wa kahawa ya Kivu inayouzwa kwa bei ghali, ule wa karatasi nyeusi isiyong'aa, wenye kitundu cha kutolea hewa na mchoro wa mlima. Mbele kuna neno moja la Kiswahili, kubwa, la rangi ya dhahabu. Geuzeni. Mwinuko wa shamba, namna kahawa ilivyooshwa na kuanikwa, ladha, tarehe: vyote Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili kimevalishwa pale kama ushanga.

Wauzaji hujibu kwamba wanunuzi wako Ulaya. Ni kweli, na huko sheria haina mchezo: Kanuni 1169 ya mwaka 2011 ya Umoja wa Ulaya inataka maelezo ya chakula yaandikwe kwa lugha ambayo walaji wa nchi kinapouzwa wanaielewa kwa urahisi. Lakini mifuko hiyo inauzwa Goma na Bukavu pia. Mlaji wa hapa hana macho? Katiba yetu ya 2006, katika ibara ya kwanza, inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Kwenye rafu za maduka sijui itafika saa ngapi.

Kuna na wanaosema lugha ya kienyeji inashusha hadhi ya bidhaa. Hao sikubaliani nao hata kidogo. Divai ya Bordeaux inafika Tokyo na maneno yake ya Kifaransa kwenye chupa, wala jibini la Parmigiano Reggiano halikubadili jina ili lipendwe. Anayelipa ghali analipia mahali, na mahali pana lugha yake.

Ugumu uko kwingine, na ni kazi yetu sisi wa lugha. Etiketi za Kifaransa hutenganisha tarehe mbili: ile ambayo baada yake ladha hupungua tu, na ile ambayo baada yake chakula kinaweza kudhuru. Sisi tunaandika "mwisho wa kutumia" kwa zote mbili. Basi mama mmoja anatupa kahawa nzuri. Mwingine anakula nyama iliyopita tarehe kwa sababu kahawa ya juzi ilipita na haikumfanya kitu. Kwa kahawa na chokoleti napendekeza "Ni bora kabla ya". Kwa vyakula vya hatari tunahitaji onyo. "Isiliwe" inafaa nyama, lakini samaki wanataka "wasiliwe" na maziwa "yasinywewe". "Usitumie baada ya" inakwepa ngeli zote, tena inamtazama msomaji usoni.

Na Kiswahili gani? Wahadhiri wasinikasirikie: mbele ya mfuko mimi ningeacha "Kahawa muzuri", kama tunavyosema Bukavu. Nyuma, Kiswahili sanifu, maana mfuko unaweza kuvuka hadi Bujumbura au Kigoma, na habari ya afya haitaki kubahatishwa.

Wachoraji wanalipwa, wachapaji wanalipwa, karatasi inaagizwa mbali. Maneno yanaandikwa na yeyote aliye karibu. Somo letu la istilahi lingeweza kuanza na mfuko wa sambaza waliokaushwa: mwanafunzi mmoja, etiketi moja, na mama muuzaji aisome kwa sauti kabla mwanafunzi hajapewa pointi.