Hakuna Mtu wa Kukufuta CRB

Kila wiki nakutana na lile tangazo kule Telegram: tuma elfu moja mia tano, jina litoke CRB leo. Na kila wiki kuna msee ananiuliza kama ni ukweli. Zii. Hiyo doh ikienda imeenda. TransUnion, Metropol na Creditinfo hawafuti deni ambalo bado unadaiwa, na hakuna mtu wa pembeni mwenye funguo za huko ndani.

Tumezoea kusema "niko CRB" kama vile ni jela. Lakini kila aliyekopa benki ana faili huko, hata yule anayelipa vizuri. Swali ni faili yako inasema nini. Na kubadilisha laini hakusaidii, maanake inafuata kitambulisho, si namba ya simu.

Wengi ninaowajua hawakukopa waende raha. Mzazi alipoteza kazi 2020, ama kukawa na mgonjwa, ukachukua mkopo huu ulipe ule, mwishowe ukazima simu. Naelewa kabisa. Ila kunyamaza ndiko kunakoumiza, kwa sababu deni likipita siku 90 bila kulipwa linahesabiwa baya.

Mimi ningeanza na ripoti. Sheria inakupa moja bure kila mwaka. Isome polepole, kwa sababu unaweza kupata deni ulilomaliza kitambo bado linaonyesha hujalipa, ama hata deni usilolijua. Hilo una haki ya kulipinga na lazima lichunguzwe. Lile ambalo ni lako kweli, mpigie aliyekukopesha, mwambie unaweza kutoa ngapi kwa mwezi. Wengine hata hupunguza faini. Mkikubaliana, kiwe kwa maandishi, na ulipe kwa paybill yao, si kwa namba ya ajenti fulani.

Sasa habari isiyopendeza: ukimaliza kulipa, historia haipotei siku hiyo. Rekodi inabadilika kuonyesha umelipa, lakini ule uchelewaji unaweza kukaa hadi miaka 5. Ndio, mitano. Hata hivyo, aliyelipa na anayedaiwa hawaangaliwi sawa. Baadaye chukua mkopo mdogo, ule unaoweza kuulipa hata mwezi ukiwa mbaya, kwa benki ama sacco inayopeleka rekodi CRB (uliza kwanza). Usipokopa tena ni sawa, utalala vizuri, lakini faili itabaki na stori ileile ya zamani.

Kinachonikera ni waajiri wanaodai cheti cha CRB kwa kijana anayetafuta kazi ya kwanza. Cashier wa benki, labda nitaelewa. Lakini dereva? Mtu wa kupanga mizigo stoo? Alishindwa kulipa kwa sababu hana kazi, halafu mnamnyima kazi kwa sababu hakulipa. Atalipa na nini?

Kama umetoa ripoti na kuna deni si lako, niandikie tuipange pamoja hiyo barua ya kupinga. Ila namba ya kitambulisho usinitumie, tafadhali.