Paa la Bati Bila Kihami Ni Nusu ya Paa

Katika vijiji vya ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, Lyulilo kikiwa kimojawapo, kuezeka nyumba kwa bati huhesabiwa kuwa ni dalili ya maendeleo. Wala si kosa: bati halishiki moto, tena hudumu miaka mingi kuliko nyasi. Lakini yafaa tuseme wazi kwamba tulipoziondoa nyasi tuliondoa vitu viwili, nasi tukarudisha kimoja tu. Nyasi zilikuwa paa. Zilikuwa pia kihami, yaani kizuizi cha joto.

Sababu yake ni rahisi. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Kipimo chake cha upitishaji joto ni kama wati 0.026 kwa mita kwa kila digrii moja. Cha kioo ni kama 1, na cha chuma ni kama 50. Ezeko nene la nyasi limejaa hewa iliyonaswa, bati halina. Jua la adhuhuri hulipasha bati moto, nalo huwanururishia joto waliomo chini yake. Kuta za matofali hulinyonya joto hilo mchana kutwa na kulitoa usiku. Kyela ni nchi ya chini, yenye joto, mvua nyingi na mbu. Huko jambo hili si la starehe tu: mtu anayekiacha chandarua kwa sababu ya joto hujitia katika hatari ya malaria.

Katika nchi za baridi wajenzi hutandika juu ya dari matandiko ya nyuzi za kioo ili joto lisitoke. Kwetu matandiko hayo hayo yangelizuia lisiingie. Je, tuyaagize? Kwa maoni yangu, tuanze kwa kuielewa kanuni. Kioo kitupu hupitisha joto mara 25 hivi kuliko tandiko la nyuzi zake. Kinachofanya kazi, basi, si kioo bali ni hewa iliyonaswa. Tena nyuzi hizo huwasha ngozi na macho ya fundi asiyejikinga, na zikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa na faida hupungua.

Kyela inasifika kwa mpunga. Maganda makavu ya mpunga nayo hunasa hewa, na kipimo chake hukaribia kile cha nyuzi za kioo. Yana matatizo yake: unyevu, wadudu, panya, na moto unaofukuta polepole. Hayo ni maswali ya kuchunguzwa, si sababu ya kuyapuuza.

Uchunguzi huo waweza kuanzia shuleni. Chukueni masanduku matatu yaliyo sawa, kila moja lifunikwe kwa kipande cha bati. La kwanza liachwe tupu; la pili liwekewe chini ya bati dari ya kadibodi yenye maganda makavu, unene wa sentimita 5; la tatu liwekewe maganda yaliyoloweshwa. Yawekeni juani, mkasome vipimajoto kila baada ya dakika 10, kisha mchore grafu.

Matokeo yapelekwe kwenye kamati za ujenzi. Mara nyingi fedha zinapopungua, dari ndiyo huachwa kwanza, kana kwamba ni pambo. Dari yenye kihami si pambo. Ni ile nusu ya paa tuliyoisahau.