Bitcoin Haikupi Kipande

Isiolo siku hizi kuna mahubiri mapya, na hayatolewi msikitini wala kanisani. Yanatolewa kwenye maskani za miraa, na mhubiri huwa ni kijana mwenye simu mbili na pawabenki. Ujumbe wake ni mmoja: serikali ni mwizi, KRA ni mkono wake, dawa ni Bitcoin. Ati ukiweka hela zako kwenye blokicheni hakuna atakayekuona, hakuna atakayekukata. Uhuru, bana!

Mimi kripto naitumia, pengine kuliko wao. Wateja wangu wa nje hunilipa kwa USDT, na siwezi kudanganya: inafika kwa dakika, haijui wikendi. Kama hoja ingekuwa urahisi tu, ningekubali tuendelee kutafuna. Lakini wanaita urahisi uhuru, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

USDT hainunui sabuni Bula Pesa. Ili nile lazima niibadilishe, mtu anitumie shilingi kwa M-Pesa, na kwenye ada ya kutuma mna ushuru wa asilimia 15. Sabuni yenyewe ina VAT ya asilimia 16. Mwenye mbuzi akifika soko la mifugo, kaunti inamngoja na risiti. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayeuliza pesa yako ilitoka pochi gani. Na lango lenyewe hufungwa: mwaka 2015 BitPesa, kampuni ya Nairobi iliyokuwa ikibadilisha Bitcoin kwa shilingi, ilikatiwa njia ya M-Pesa. Ikakimbilia wapi? Mahakama Kuu, kumwomba jaji wa serikali ileile.

Halafu kuna ile kodi ya asilimia 3. Sheria ya Fedha ya 2023 iliiweka juu ya thamani yote ya sarafu inayohamishwa, uwe umepata faida au umekula hasara. Ilikuwa kodi ya kijinga. Ilipofutwa mwaka 2025, na badala yake ukaja ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za majukwaa ya kripto, maskani ilishangilia. Sasa, kama kripto inakwepa kodi, mlikuwa mnashangilia nini? Aliyeiondoa si Satoshi. Ni Bunge. Na Oktoba mwaka huohuo ikatiwa saini sheria inayoweka majukwaa hayo chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hadithi hii imeletwa kutoka kwa watu ambao shida yao ni kuonekana sana na serikali. Shida ya huku kwetu ni kinyume. Kwa miongo mingi kijana wa kaskazini akiomba kitambulisho alipigwa msasa na kamati: babu yako alizaliwa wapi, nani anakujua? Rais alitangaza mwisho wa utaratibu huo Februari 2025, yaani juzi tu. Bila kipande, kama wazee wanavyokiita hadi leo, husajili laini kwa jina lako, na bila laini hakuna M-Pesa. Majukwaa makubwa ya kripto nayo yanataka picha ya kipande hichohicho kabla hujauza chochote. Mkombozi anauliza maswali yaleyale ya chifu! Worldcoin walitaka hata jicho: mwaka 2023 watu walipanga foleni KICC, Nairobi, wakapigwa picha za mboni kwa sarafu za takriban shilingi 7,000. Serikali ndiyo iliyosimamisha zoezi hilo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe.

Mji huu una kisa cha kodi ambacho wahubiri wetu hawakijui. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Waisaaq wa Isiolo, Wasomali ambao wengi wao walikuwa askari wa Mwingereza waliokuja kukaa hapa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, waligoma kulipa kodi ya kichwa. Sababu? Ilikuwa ndogo mno. Wakoloni waliwawekea kiwango cha chini kuliko cha Waasia, nao wakadai kile cha juu, wakapeleka malalamiko hadi London. Walijua ile risiti ndiyo iliyosema wewe ni nani na una haki gani. Sisemi yalikuwa madai matamu. Walitaka kukaa ngazi moja juu ya jirani zao Waborana na Wameru. Lakini mchezo waliuelewa kuliko sisi wenye intaneti.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kupandisha ule ushuru wa kutuma pesa kutoka asilimia 15 hadi 20. Haukuanguka kwa sababu wasee walificha hela kwenye pochi. Uliangushwa barabarani, makumi wakauawa, ndipo Rais akakataa kuutia saini.

Mwizi yupo, simkatai. Uwanja wetu wa ndege ulipigiwa debe kwamba utapeleka nyama ya kaskazini ng'ambo, na barabara yake ya kurukia haifiki hata kilomita moja na nusu. Wewe ukihamia blokicheni haitarefuka, na atakayebaki akilipa ni mama wa maziwa ya ngamia, ambaye ushuru wa soko hutozwa papo hapo, pesa mkononi.

Kila mwaka kaunti hutoa mswada wake wa fedha. Ndani yake mna ada ya kila mbuzi na kila ngamia anayeingia sokoni, na sheria inataka wananchi waulizwe kabla haujapita. Ukitoka wa mwakani, uleteni maskani tuusome kwa sauti. Miraa ya siku hiyo nitanunua mimi, kwa USDT ikiwezekana.