"Hata Ulaya Wanadhibiti Mitandao." Sawa, Tuangalie Wanavyodhibiti

Makamanda, kila tukilalamika kwamba mtandao umefungwa, tunarushiwa jibu lile lile: "Mbona hata Ulaya wanadhibiti?" Nimelisikia chuoni, nimelisikia kijiweni hapa Kwamndolwa. Wengi wetu tukiambiwa hivyo tunakasirika au tunanyamaza. Mimi nasema tuipokee hoja hiyo kwa mikono miwili, maana ukiifungua ndani inatusaidia sisi.

Ni kweli wanadhibiti. Umoja wa Ulaya una Sheria ya Huduma za Kidijitali ya 2022, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024. Ina meno kweli kweli. Kampuni ikikiuka inaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 6 ya mapato yake ya mwaka, tena ya dunia nzima. Tarehe 5 Desemba 2025 X ilitozwa yuro milioni 120. Kosa mojawapo ni ile tiki ya bluu: mtu anainunua tu, halafu watumiaji wanadhani amehakikiwa.

Sasa tulia hapo. X ilipigwa faini, haikuzimwa. Kijana wa Berlin aliamka kesho yake akaendelea kuitukana serikali yake kama kawaida. Kwa sheria ile, kuzima huduma ni hatua ya mwisho kabisa. Mamlaka haijifungii ofisini ikabonyeza kitufe, inapeleka maombi mahakamani. Jaji akikubali, amri ni ya wiki nne, na kuiongeza kuna masharti yake.

Kwetu je? X ilizimika tarehe 20 Mei 2025. Maelezo kwamba tatizo ni maudhui ya ngono tulikuja kuyasikia baadaye, watu wameshahamia VPN. Tarehe 6 Septemba, wiki chache kabla ya uchaguzi, TCRA ikasimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90. Tarehe 29 Oktoba, siku yenyewe ya kupiga kura, intaneti ikakatwa nchi nzima, ikakaa hivyo siku kadhaa.

Tofauti kubwa ni nani anabanwa. Ulaya wanambana tajiri mwenye jukwaa. Sisi tunambana anayeandika. Kanuni zetu za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka hata mwenye blogu akate leseni. Zilipoandikwa upya 2020, muda wa kuondoa maudhui baada ya kuamriwa ulishuka kutoka saa 12 hadi saa 2. Ukikosea, faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Hiyo milioni 5 kwa X ni hela ya chai. Kwa kijana wa Korogwe mwenye simu moja ni shamba la familia.

Na tusijidanganye kwamba adui wa uhuru mtandaoni ni serikali peke yake. Mama yangu mdogo anauza batiki kupitia mtandao mmoja mkubwa. Mwaka jana ukurasa wake ulifungwa usiku, pamoja na oda za wateja waliokuwa wameshatuma pesa. Hakuambiwa amekosa nini. Aliandika, akajibiwa na mashine, basi. Angekuwa raia wa Ulaya, kampuni ingelazimika kumpa sababu za wazi, kupokea malalamiko yake na kutomwachia mashine peke yake uamuzi wa mwisho. Asiporidhika, angekwenda kwenye chombo cha usuluhishi nje ya kampuni. Kampuni ile ile, programu ile ile, ila wa kule ana haki na wa Kwamndolwa hana. Serikali inayojua kuzima mtandao haijamtungia sheria ya kumlinda dhidi ya mtandao.

Mimi si wa kusema mitandao iachwe huru kama gulio lisilo na mgambo. Ni msichana, najua picha za utupu zinavyosambazwa kumkomoa mtu. Najua matapeli wa "tuma kwenye namba hii." Udhibiti tunautaka. Swali ni udhibiti wa namna gani.

Na wala hatuhitaji kwenda Brussels kuazima jibu. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa mawasiliano. Kwa hiyo madai yetu yawe matatu, yanayoeleweka hata kwa bibi wa kijijini. Anayefungiwa apewe sababu kwa maandishi, awe amefungiwa na mamlaka au na kampuni. Mtandao usizimwe bila amri ya jaji, yenye mwisho unaojulikana. Na rufani isikilizwe haraka, maana ukifungiwa siku 90 kuelekea uchaguzi, kushinda rufani Januari ni sawa na kupewa mwavuli mvua imeshakatika.

Kila tawi lichapishe ibara hizo mbili na kuzisoma kwenye kikao kijacho. Na safari nyingine mtu akikwambia "hata Ulaya wanadhibiti," usigombane naye. Mjibu: "Haya, na sisi tuletewe jaji."