Barza ya Mwalimu: Laptopu ya Mwanafunzi

Mwaka huu wazazi kadhaa wameniuliza: kijana anayetaka kujifunza kuandika programu anunuliwe laptopu gani? Wengine wamo mbioni kukopa. Msikope. Lugha ya Python, aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, haina malipo, wala haitaki mashine ya wacheza michezo, nzito, yenye bei ya mahari.

Nendeni barabara ya Khalid bin Al Waleed, Bur Dubai, muulizie iliyokwisha tumika. Ramu iwe gigabaiti 8. Ikiwa 16, alhamdulillahi. Uzito usizidi kilo 1.5, maana mtoto ataibeba kwenye metro. Lililo kubwa ni umri wake. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Muuzaji hatakwambieni hayo. Mkiipata ya zamani kwa bei ya kutupa, itieni Linux, nayo ni ya bure. Betri ijaribuni pale pale dukani, bila ya waya, kwa muda wa vikombe viwili vya kahawa.