Sindano ya Shibe: Tuijue Kabla ya Kuinunua



Mama mmoja wa Tunduma ametuuliza: je, sindano ya kupunguza unene anayouziwa na mchuuzi pale mpakani ni dawa ya kweli? Swali hili linatuhusu wengi, kwa maana maneno yanayosemwa nyumbani juu ya unene wa mama baada ya uzazi yanauma.

Mungu ameweka mjumbe wa shibe ndani yetu. Tukila ugali na maharage, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1, mnyororo wa amino asidi kama 30. Homoni hii huingia katika vipokezi vyake kama ufunguo katika kufuli. Kwenye kongosho huhimiza insulini itoke sukari inapopanda. Tumboni hupunguza mwendo wa chakula. Kwenye ubongo hutuambia tumeshiba. Lakini baada ya dakika chache tu mwili humvunja mjumbe huyo.

Wataalamu wametengeneza ufunguo unaodumu, semaglutaidi. Walibadili amino asidi mbili za mnyororo, wakaupachika mkia wa mafuta unaoshikamana na protini ya damu. Hivyo sindano moja hutosha wiki nzima. Marekani iliikubali mwaka 2017 kwa kisukari, na 2021 kwa unene uliozidi.

Basi dawa ya kweli ipo, nayo ina nguvu. Huweza kuleta kichefuchefu na kutapika. Anayetaka kushika mimba huiacha angalau miezi miwili kabla. Kabla ya kuanza kutumika hutunzwa kwenye friji, si kwenye mkoba juani. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya juu ya semaglutaidi bandia iliyogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ya bandia huenda haina dawa kabisa, au ina insulini, ambayo huweza kushusha sukari hata mtu akazimia.

Mama wa Tunduma, jibu letu ni hili: usiichome. Nenda hospitali, upimwe sukari na shinikizo la damu, umweleze daktari haja yako bila aibu. Akikuandikia, nunua kwenye duka la dawa lililosajiliwa. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu. Hekalu halikabidhiwi kwa mchuuzi.

Bwana awalinde pamoja na nyumba zenu.